Soma bei kwanza: jinsi ya kufuatilia kesi ya mfungwa aliyevushwa bahari

Klabu nyingi za historia Arusha na Moshi zikipewa mada ya koloni za wafungwa huishia kwenye bango moja: ramani ya Australia, picha ya meli, na sentensi isemayo kwamba Waingereza walikuwa wakimpeleka mtu mwisho wa dunia kwa kuiba mkate. Bango hilo halikosi watazamaji, ila halifundishi kitu. Inawezekana kuchukua jina moja, la mtu aliyeishi kweli, na kulifuata kutoka kizimbani London hadi kaburini Tasmania, kisiwa cha Australia, bila kulipa hata shilingi ya kiingilio, kwa sababu hifadhi kubwa za rekodi hizi ziko wazi mtandaoni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, na mahali ambapo watu hujikwaa.

Andaa kompyuta au simu yenye kioo kikubwa, daftari, rula na kalamu za rangi mbili. Kurasa za maandishi ni nyepesi. Kinachokula bando ni picha za kurasa za daftari za zamani. Kwa hiyo soma maandishi kwanza, na picha pakua moja tu, ile utakayoibandika. Umeme usipokatika, kesi moja humalizika kwa alasiri mbili.

Kuhusu jina la adhabu yenyewe: Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka. Humu tunasema "kuvushwa bahari". Kwenye visanduku vya kutafutia andika "transportation", maana ndivyo makarani walivyoandika. Mtu akitafuta "deportation" atarudi mikono mitupu, au atarudi na kitu kingine kabisa, kama tutakavyoona mbele.

Fedha kabla ya sheria

Kazi ya kwanza ni hesabu. Shilingi yetu, tangu ile ya Afrika Mashariki ya 1921, ina senti 100, na mwanafunzi aliyekua nayo hudhani shilingi zote duniani ziko hivyo. Shilingi ya Mwingereza ilikuwa na peni 12, na pauni ilikuwa na shilingi 20, yaani peni 240. Alama ya peni ni "d", kutokana na neno la Kilatini. Ya shilingi ni "s". Na ya pauni, katika maandishi ya zamani, mara nyingi ni herufi "l" baada ya tarakimu. Hapo ndipo balaa linapoanzia. "5 l." ni pauni 5, lakini ukiisoma haraka utaona 51. Kabla ya kuendelea, nakili kila bei ya kesi yako kwenye daftari kisha ibadilishe yote kuwa shilingi.

Usijaribu kuigeuza kuwa shilingi za Tanzania za leo. Utapata tarakimu ndefu isiyomwambia mtu chochote. Linganisha na ujira wa wakati ule. Vibarua wa mashambani wa kijiji cha Tolpuddle, Dorset, mwanzoni mwa miaka ya 1830 walishushiwa mshahara hadi shilingi 7 kwa wiki, na wakatishiwa kushushwa tena hadi 6. Kwa kipimo hicho, shilingi 40 ni karibu wiki sita za jasho. Mtazamaji wa Moshi aliyewahi kuchuma kahawa ya mtu kwa debe ataelewa hapo hapo.

Mizani nayo ina mtego wake, ila sisi tuna neno tayari: ratili. Ratili moja ni gramu 454 hivi. William Blue, mtu mweusi aliyehukumiwa Maidstone, Kent, mwaka 1796, alivushwa bahari kwa ratili 80 za sukari. Hizo ni kilo 36, pungufu ya mfuko mmoja wa kilo 50 unaoshushwa asubuhi soko la Mbuyuni, Moshi.

Mstari wa bei

Sasa sheria. Anayeanza husoma jina la kosa: wizi. Aliyezoea husoma tarakimu iliyo karibu na jina hilo, kisha anatazama mahali pa tukio, kisha namna lilivyotendeka. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua kama mtu angechapwa viboko, angevushwa bahari au angenyongwa.

Hadi 1827 wizi wa kawaida uligawanywa na peni 12. Juu ya hapo uliitwa wizi mkubwa, chini yake mdogo. Sheria iliyoanza kutumika 1718 iliruhusu wezi wa aina zote mbili wapelekwe makoloni ya Amerika kwa miaka 7, kwa hiyo usishangae kumkuta mtu wa peni 10 kwenye meli. Juu ya wizi huu wa kawaida yalikuwepo makosa mazito ambayo adhabu yake kwenye kitabu ilikuwa kifo, na mengi yalikuwa na mstari wake wa bei. Kuiba dukani kwa siri mali ya shilingi 5 au zaidi ilikuwa kifo tangu 1699. Kuiba ndani ya nyumba ya kuishi mali ya shilingi 40 au zaidi ilikuwa kifo tangu 1713. Kuchomoa mfukoni kwa siri kitu cha zaidi ya peni 12 kulibaki kosa la kitanzi hadi 1808.

Weka mistari hiyo mitatu mbele yako, kisha tazama uamuzi wa juri, yaani watu 12 walioamua kama mshtakiwa ana hatia. Utakuta maneno kama "guilty, 39s." au "guilty, 4s. 10d." au "guilty, 10d.", wakati hati ya mashtaka inataja mali ya thamani kubwa zaidi. Si kwamba wale watu 12 hawakujua bei za sokoni. Walishusha thamani kwa makusudi mpaka chini ya mstari ili mshtakiwa asinyongwe, na jaji akampa miaka 7 ng'ambo. Baada ya 1827, mstari wa nyumbani ulipopandishwa hadi pauni 5, tarakimu ya 39 inapungua na inaanza kuonekana shilingi 99. Ukishaijua hila hii, kesi zilizoonekana za kipumbavu huanza kusomeka. Tarakimu ya uamuzi ilikuwa njia ya juri kumwokoa mtu, na thamani halisi ya mali utaipata juu zaidi, kwenye mashtaka na ushahidi.

Angalizo kwa msomaji wa Tanzania: juri si wazee wa baraza. Wazee wa baraza tunaowajua hutoa maoni, na jaji hafungwi nayo. Juri ya Kiingereza ndiyo iliyosema ana hatia au hana, na ya kiasi gani. Jaji alibaki na adhabu tu. Kwa hiyo usiandike kwenye bango kwamba jaji alishusha bei.

Chukua sasa watoto wawili, uone bei inapookoa na isipookoa.

John Hudson, mfagia mabomba ya moshi mwenye umri wa miaka 9, alishtakiwa Old Bailey, London, Desemba 1783, kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba shati la kitani, soksi za hariri, bastola na aproni mbili. Uvunjaji wa nyumba usiku ulikuwa kosa la kifo, na usiku wenyewe ulikuwa sehemu ya kosa: bila giza, shtaka hilo halikamiliki. Juri ilimkuta na hatia ya wizi lakini si ya kuvunja nyumba usiku. Akapata miaka 7 ng'ambo, na mwishowe akapanda mojawapo ya meli 11 za msafara wa kwanza wa Australia.

Mary Wade, mwenye miaka 11 hivi, alihukumiwa mahakama hiyohiyo Januari 1789 pamoja na msichana mwenzake wa miaka 14, kwa kumvua nguo mtoto mdogo: gauni la pamba, kitambaa cha mabegani na kofia ya kitani. Mzigo kama huo hata mfuko mmoja haujai kwenye soko la mitumba la Memorial, Moshi. Lakini shtaka halikuwa wizi, lilikuwa unyang'anyi, na unyang'anyi hauna mstari wa bei. Ukishamtisha au kumlazimisha mtu, peni moja na pauni mia ni sawa. Juri haikuwa na tarakimu ya kushusha. Wasichana wale walihukumiwa kunyongwa, na kilichowatoa ni msamaha wa mfalme uliogeuza kifo kuwa safari. Mary alifika Sydney 1790 kwa meli Lady Juliana, akaishi hadi 1859.

Kwa hiyo kanuni ya meza ni hii: ukiona kifo kwenye ukurasa wa hukumu, usiandike "alinyongwa" kabla hujatafuta msamaha. Waliosamehewa kosa la kifo kwa kawaida walipewa miaka 14 au maisha, ingawa utakutana na 7 pia.

Makosa mengine, kwa haraka

Kupokea mali ya wizi: miaka 14 tangu ile sheria ya 1718, mara mbili ya mwizi wa kawaida. Hesabu hiyo ina mantiki. Bila mnunuzi, mwizi hana soko. Kukutwa na noti bandia za Benki ya Uingereza, kuanzia 1801, nako ni miaka 14, na wengi walikubali shtaka hilo ili wakwepe lile la kifo la kuzitumia. Kuiba kondoo, ng'ombe au farasi: kifo hadi 1832, kisha kuvushwa maisha. Kuoa tena wakati ndoa ya kwanza ingali hai: miaka 7. Kuwinda usiku kwenye ardhi ya mwenye shamba, kwa sheria ya 1828: mara ya tatu ndiyo iliyompeleka mtu ng'ambo, miaka 7. Kuvunja mashine za kupura nafaka, kama walivyofanya vibarua wa kusini mwa Uingereza mwaka 1830: miaka 7, na karibu watu 480 walivushwa baada ya ghasia zile. Kurudi nyumbani kabla ya muda kuisha: kifo hadi 1834.

Mauaji hayamo katika orodha hii kwa sababu muuaji alinyongwa, na upesi. Bango linalosema Australia ilijazwa wauaji limekosea. Ilijazwa wezi, wengi wao wenye kazi ya mikono.

Kesi za siasa zinataka jicho la pili, maana kosa lililoandikwa mara nyingi silo lililowaudhi wakubwa. Wale sita wa Tolpuddle walihukumiwa Machi 1834 miaka 7 kila mmoja. Kuunda chama cha wafanyakazi hakukuwa kosa tena wakati huo. Walichoshtakiwa ni kuapishana kiapo cha siri, kwa sheria ya 1797 iliyotungwa baada ya maasi ya mabaharia. Walisamehewa 1836. Ukiandika tu "kosa: chama cha wafanyakazi", mwanasheria yeyote atakayepita mbele ya meza yenu atawakamata.

Kuitafuta kesi

Anza na Old Bailey Online. Ina kesi za mahakama kuu ya jinai ya London kuanzia 1674 hadi 1913, maandishi yake yamechapwa upya, na picha za kurasa za asili zipo kando. Kila kesi ina namba inayoanza na herufi t, kisha mwaka, mwezi na siku ya kikao, kisha namba ya kesi. Inayoanza na t17831210 ni ya kikao kilichoanza tarehe 10 Desemba 1783. Nakili namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Bila hiyo, mwenzako hataipata kesi uliyosoma.

Kwenye picha utaona herufi s ndefu inayofanana na f. "Filk" ni "silk", hariri. Mwanafunzi mmoja akikwama hapo, kundi zima huanza kutunga maana. Mpe anayesoma dakika 20 za mazoezi kwenye ukurasa ambao maandishi yake mapya yapo pembeni, atazoea.

Mtego mkubwa hapa ni mipaka. Old Bailey ilishughulika na London na Middlesex. William Blue hayumo. John Caesar, mtu mweusi mwingine aliyefika na msafara wa kwanza na akauawa kwa risasi msituni Februari 1796, hayumo pia. Wote wawili walihukumiwa Kent. Watu wa Tolpuddle walihukumiwa Dorchester. Ukikosa jina, usiseme mtu huyo ni wa kubuni. Tafuta kwanza alihukumiwa wilaya gani. Ireland ina hifadhi yake ya wazi mtandaoni, lakini daftari za waliovushwa kabla ya 1836 ziliteketea Dublin mwaka 1922.

Majina yanabadilika tahajia kutoka daftari hadi daftari, na wafungwa walitumia majina ya bandia. Jaribu tahajia tatu. Kisha hakikisha kwa mambo mengine mawili, tarehe ya hukumu na mahali pa hukumu. Jina pekee halitoshi. Wafungwa walioitwa John Smith ni wengi kuliko akina Mushi wa Kibosho.

Je, alisafiri kweli?

Hukumu haikuwa safari. Wengi walihukumiwa kuvushwa na hawakuvushwa: walikufa, walisamehewa, au walimalizia muda kwenye meli chakavu zilizotiwa nanga mtoni Thames na kwenye bandari za kusini, ambazo zilifanywa magereza kuanzia 1776 baada ya vita vya Amerika kufunga njia ya zamani. Kwa hiyo hatua inayofuata ni daftari za usafiri za serikali ya Uingereza, mkusanyiko unaojulikana kama HO 11, wa 1787 hadi 1870. Kanzidata ya bure iliyotokana na daftari hizo ina majina zaidi ya 123,000, kati ya wafungwa 162,000 hivi waliofika Australia kuanzia 1788 hadi 1868.

HO 11 inakupa jina, mahakama, tarehe ya hukumu, urefu wa adhabu, meli na koloni aliloelekea. Haikupi kosa. Watu hutumia saa nzima kulitafuta humo. Kosa linabaki kwenye kesi, ndiyo maana umeanza na kesi.

Hesabu muda kuanzia siku ya hukumu. Blue alihukumiwa Oktoba 1796, akakaa kwenye meli-gereza zaidi ya miaka minne, akafika Sydney Desemba 1801. Miaka yake 7 iliisha 1803. Kule Australia alitumikia chini ya miaka miwili, kisha akawa mvushaji wa watu kwa mashua bandarini, na rasi ya Blues Point ina jina lake hadi leo. Ukianza kuhesabu siku ya kufika, utamfunga mtu miaka mitano ya bure.

Tofautisha pia waliopanda na walioshuka. Msafara wa pili wa 1790 ulitolewa kwa kandarasi ya pauni 17, shilingi 7 na peni 6 kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Malipo yalihesabiwa kwa waliopanda, na mkandarasi alikuwa kampuni iliyozoea biashara ya watumwa. Karibu robo ya wafungwa walikufa njiani. Jina likiwa kwenye orodha ya kuondoka tu, hujamfikisha.

Na ramani, tafadhali. Mstari wa safari huwa unachorwa kupitia Suez na pwani yetu, kwa sababu ndiyo njia ya mkato kwenye atlasi ya darasani. Mfereji wa Suez ulifunguliwa Novemba 1869. Meli ya mwisho ya wafungwa, Hougoumont, ilifika Fremantle Januari 1868. Msafara wa kwanza uliondoka Portsmouth tarehe 13 Mei 1787, ukapita Tenerife, Rio de Janeiro na Cape Town, ukaingia bandari ya Sydney tarehe 26 Januari 1788. Chora hivyo, na Zanzibar iache mbali upande wa kaskazini.

Daftari za koloni

Hapa ndipo penye utamu, hasa Tasmania, iliyoitwa Van Diemen's Land hadi 1856. Kanzidata ya majina ya maktaba na hifadhi za Tasmania ni bure, na inatoa picha za daftari za mwenendo wa wafungwa: CON 31 kwa wanaume wa kipindi cha kwanza, CON 33 kwa waliofika miaka ya 1840 na mwanzoni mwa miaka ya 1850, CON 40 na CON 41 kwa wanawake. Ukurasa mmoja unabeba maisha mazima. Kuna urefu wa mwili, rangi ya macho, chale na michoro ya mwilini, kazi aliyoijua, makosa aliyofanya koloni, adhabu, na kosa la awali kama alivyolieleza mwenyewe aliposhuka melini.

Hilo la mwisho lisome sambamba na kesi ya London. Mara nyingi hayalingani. Kesi inasema saa ya fedha, yeye anasema saa na "mara moja kabla, leso". Mfungwa alijua karani ana karatasi za gerezani mezani, kwa hiyo alikiri hata yale ambayo juri haikuyasikia. Weka kauli zote mbili kwenye bango, kila moja na chanzo chake, wala usichague ile inayokupendeza.

Vifupisho vinavyorudiwa ni vichache. "TL" ni kibali cha kujitafutia kazi na kuishi nje ya gereza kabla ya muda kuisha. "CP" ni msamaha wenye sharti, na sharti kuu ni kutorudi Uingereza. "FS" ni aliyemaliza muda wake, na "do" ni "kama hapo juu". Urefu umeandikwa kwa futi na inchi. Futi ni sentimita 30.5, inchi ni 2.5 na kidogo. Mtu wa futi 5 na inchi 4 ana sentimita 163.

Kwa mazoezi, mchukueni William Cuffay. Fundi cherehani wa London, baba yake alikuwa mtumwa wa zamani kutoka kisiwa cha St Kitts. Alikuwa mmoja wa viongozi wa vuguvugu la kudai kura kwa wafanyakazi, akahukumiwa Old Bailey 1848 kuvushwa maisha, akasamehewa 1856, akabaki Tasmania hadi kifo chake 1870. Yumo kwenye hifadhi zote mbili na jina lake ni adimu, kwa hiyo hata kundi la kidato cha pili linaweza kumfuata hatua kwa hatua bila kumchanganya na mtu mwingine. Zingatia tu kwamba kwake bei haina kazi. Kosa lake lilikuwa dhidi ya serikali.

Msichanganye na uhamisho wa watawala

Mkipanga bango Arusha au Moshi, kuna mtu atauliza kuhusu wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, waliokamatwa 1899 na kupelekwa Shelisheli, au Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, aliyekamatwa na Waingereza Dar es Salaam 1916 na kupelekwa Shelisheli na St Helena. Hao hawakuvushwa bahari kwa hukumu ya jinai. Hakuna hati ya mashtaka, hakuna juri, hakuna miaka 7 inayoisha. Walihamishwa kwa amri ya serikali, na wangerudi siku serikali ingetaka. Wawekeeni ubao wa pembeni. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, hayupo upande wowote. Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900.

Kuna uzi mmoja unaofika kwetu kweli. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860 iliorodhesha kuvushwa bahari kati ya adhabu zake, na India ilikuwa na koloni lake la wafungwa visiwani Andaman tangu 1858. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotumika Tanganyika chini ya Waingereza hadi ilipotungwa ya kwetu mwaka 1930. Kwa hiyo neno "transportation" likitokea katika karatasi za mahakama za miaka ya 1920, limetoka huko. Kwenye kanuni hiyo, kuvushwa maisha kulihesabiwa kuwa miaka 20 pale sehemu ya adhabu ilipotakiwa kukokotolewa.

Kuandaa bango

Karatasi moja ya manila, kesi moja. Kushoto andika hati ya mashtaka kwa rangi ya kwanza: nani, lini, wapi, mali gani, bei iliyodaiwa. Katikati, kwa rangi ya pili, bei ya uamuzi wa juri na mstari wa sheria ambao juri iliukwepa. Kulia, meli, tarehe ya kufika, urefu wa mwili, na alichosema mwenyewe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, namba za kumbukumbu. Chapisheni picha ya daftari stationari kwa rangi nyeusi na nyeupe, A4. Ya rangi ni ghali na maandishi hayaongezeki kusomeka. Tarehe za kabla ya 1752 zikaguliwe mara mbili, maana mwaka wa kisheria wa Kiingereza ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi, na "Februari 1725" ya karani inaweza kuwa 1726 yetu.

Arusha mtaulizwa swali lingine, hasa na watu wazima: waliohukumiwa na Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda iliyokaa pale AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, wakapelekwa kufungwa Mali na Benin, je, nao walivushwa? Jibu lake ni fupi na liwe tayari kwa mtu anayesimama mezani. Kwao adhabu ilikuwa kifungo, na nchi ya kukitumikia ilichaguliwa kwa makubaliano, kwa kuwa Umoja wa Mataifa hauna magereza ya wafungwa wake. Kwa Cuffay, kuondolewa nchini ndiko kulikokuwa adhabu yenyewe. Akishuka Hobart, bandari ya Tasmania, fundi cherehani aliweza kupewa kibali akashona nguo za watu kwa malipo, huku hukumu yake ikiendelea.